Nimebadilisha mkono wa gia mwenyewe nyumbani: bushi na mipira kwanza, shifta fupi baadaye

Nimekaa na huu mkono mpya wa gia wiki sita kabla sijaandika chochote, nilitaka kwanza utamu wa kitu kipya upungue ndo niseme. Gari ni Mazda MX-5 ya mwaka 1994, injini ya 1.8, gia tano za mkono. Nalipenda sana hili gari ila gia zilishaanza kunikera, ukiwa kwenye gia ya tatu mkono unauchezesha kushoto kulia kama jino la mtoto linalokaribia kung'oka, gia ya pili asubuhi unaitafuta, na safari ikiwa ndefu hewa ya moto yenye harufu ya oili inapanda kupitia pale kwenye ngozi ya gia mpaka mguu unatoka jasho.

Kila unayemuuliza anakwambia nunua shifta fupi, yaani mkono wa gia uliotengenezwa ili usogee kidogo zaidi unapobadilisha gia. Nikanunua seti nzima, mkono wa chuma, bushi zake (vile vipande vya plastiki vinavyouzunguka mkono usicheze), kipande cha kuinulia, washa za kupangia urefu (vile visahani vyembamba vyenye tundu), mpira mdogo na bolti. Lakini kabla sijaifunga nikajiuliza, hivi kinachonikera mimi ni urefu wa mwendo wa gia au ni ulegevu? Maana ukishafungua pale lazima utabadilisha na bushi na mipira, na ukimaliza kila kitu kwa siku moja utaisifia shifta kumbe kazi imefanywa na kipande cha plastiki. Kwa hiyo nikafanya mara mbili. Kwanza bushi, mipira na oili tu, mkono nikarudisha ule ule wa zamani nikaendesha wiki tatu, ndo nikafungua tena nikaweka shifta fupi.

Uzuri wa hili gari kazi yote iko juu, ndani ya gari, jeki hauigusi. Mkono wa gia umechomekwa moja kwa moja juu ya giaboksi na pale chini yake kuna kibakuli chenye oili yake peke yake, haichanganyiki na ile ya giaboksi. Na hapa ndo penye shida yenyewe, maana oili ya giaboksi hubadilishwa kwa kumwaga chini na kujaza, watu wanaona wamemaliza, kile kibakuli hakikumbukwi na mtu, kinakaa miaka na miaka bila kuguswa.

Gari liwe limepoa, mahali tambarare, handbreki juu na matairi uyazibe kwa mawe au mbao, hilo la kuziba tafadhali usilipuuze kwa sababu unaweka fri na ukishatoa mkono huna gia ya kulishikilia gari. Kichwa cha gia unakizungusha kinafunguka. Konsoli, lile boksi la plastiki la katikati ya viti, ni skrubu chache, nyingine zimejificha ndani ya kisanduku cha kati na chini ya kisahani cha majivu, na kama vioo vyako ni vya umeme chomoa soketi ya waya za swichi kabla hujainyanyua, usivute kwa hasira. Chini ya konsoli kuna mpira mkubwa, bolti nne za namba 10. Chini ya huo kuna mpira mdogo na bamba lake, bolti tatu, namba 10 hizo hizo. Ukishazitoa unauvuta mkono kwenda juu unakuja mzima. Hapo hapo, kabla hujashika simu wala kunywa maji, ziba lile shimo kwa kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi, maana bolti ikiponyoka mkononi ikaingia humo kazi ya mchana mmoja imegeuka kuwa kazi ya kushusha giaboksi.

Nilichokikuta kilinisikitisha. Mpira mdogo ulikuwa umepasuka kuzunguka pande zote, nusu ilitoka na mkono nusu ikabaki chini. Siwalaumu waliotengeneza gari hata kidogo, mpira uliokaa miaka 30 juu ya giaboksi ya moto umeshafanya kazi yake. Bushi ya nailoni ya pale ncha ya chini ilikuwa na ufa na ikabaki ndani ya kibakuli, nikaichomoa kwa koleo ya mdomo mrefu. Oili niliyoikuta haizidi vijiko viwili, nyeusi, nzito kama lami. Nikainyonya kwa sindano kubwa isiyo na ncha, nikapangusa hadi kitambaa kikawa kinatoka cheupe, nikaweka bushi mpya na kujaza oili ya gia 75W-90 ya GL-4, mililita 80 hadi 90 hivi zinatosha. Mipira yote miwili mipya, nikarudisha mkono wa zamani. Kazi yote ilichukua muda wa saa tatu, na nusu ya muda huo ni kusafisha.

Jamani. Nilivyoweka gia ya kwanza nikazima gari nikaiweka tena kuhakikisha. Ule ulegevu umekwisha, gia inaingia mahali pake na unaisikia inaingia, ya pili bado nzito kidogo asubuhi ila siitafuti tena, hewa ya moto hakuna, na sauti ya chini imepungua kiasi kwamba mke wangu ambaye habari za magari hazimhusu kabisa aliuliza nimefanya nini. Na nilichotumia hapo ni vipande vitatu vidogo na oili kidogo, bei yake yote ukiijumlisha haifiki hata robo ya seti ya shifta.

Sasa shifta fupi. Kwanza mjue inavyofanya kazi maana maelezo ya wauzaji yanataja upande mmoja tu. Mkono wa gia ni wenzo, una tufe la kugeukia, juu yake kuna sehemu unayoishika na chini yake kuna sehemu inayosukuma vyuma vya giaboksi. Tuseme juu ni milimita 240 na chini ni 60, yaani 4 kwa 1, na chini panahitaji kusogea milimita 12 gia iingie. Mkono wako juu utasogea milimita 48. Ukirefusha ile ya chini ikawa 80 unapata 3 kwa 1, mkono unasogea milimita 36 tu, umepunguza robo. Ila nguvu unayoweka inapanda kwa theluthi, hakuna namna ya kuikwepa hiyo, ulichopunguza kwenye mwendo unakilipa kwenye nguvu. Kwa hiyo ukiona tangazo linasema mwendo mfupi na gia laini zaidi, ule ulaini utakuwa umetoka kwenye bushi mpya zilizomo ndani ya boksi.

Kufunga kwenyewe mara hii kulichukua saa moja na nusu na ingekuwa chini ya hapo kama seti ingekuja sawa. Tufe lilikuwa na kinyweleo cha chuma kilichobaki kiwandani, ukipitisha kucha unakisikia, kingekula bushi mpya ndani ya muda mfupi sana, nikakisugua kwa msasa laini sana na oili. Halafu karatasi ya maelekezo inaonyesha washa zote ziwekwe, nikaziweka zote kama ilivyoandikwa, nikafunga kila kitu, gia tano zote zinaingia safi, rivasi haiingii. Kwenye hili gari rivasi unabonyeza mkono chini kwanza ndo unaupeleka kulia na nyuma, sasa zile washa zilikuwa zimejaza nafasi yote ya kubonyeza. Nikafungua tena nikapunguza washa moja ikakaa sawa. Niliwaandikia waliouza wakajibu kwa heshima na wakatuma karatasi iliyorekebishwa, hilo nawapa. Lakini mtu ambaye hajui angeweza kulazimisha rivasi kwa nguvu akavunja kitu, kwa hiyo kabla hujarudisha konsoli jaribu gia zote pamoja na rivasi gari likiwa limezimwa, kisha liwashe ujaribu tena ukiwa umekanyaga klachi.

Kwenye kuendesha, ninaipenda. Kutoka ya pili kwenda ya tatu ni kama kugeuza kiganja tu, na ukiwa unapangua gia kwenye kona unabaki na muda wa kushughulika na usukani. Ila imeniongezea mambo mawili ambayo mkono wa zamani wenye bushi mpya haukuwa nayo. Asubuhi oili ikiwa baridi gia ya pili imekuwa nzito kuliko nilivyoizoea, dakika tano za kwanza naenda nayo taratibu, na hii inaeleweka, sinkronaiza, zile pete za ndani ya giaboksi, zinahitaji muda wa kulinganisha mizunguko ya gia kabla haijaingia, na mkono mfupi unakushawishi uziharakishe. Ukiwa ni mtu wa kusukuma gia kwa pupa shifta fupi itakula sinkronaiza zako. La pili ni mtetemo, injini ikivuka mizunguko 3500 kwa dakika mlio wa giaboksi naupata kiganjani. Mimi sijali ila ukiwa unasafiri mbali kila siku fikiria.

Kuna wanaoshauri uweke na bushi za shaba badala ya nailoni. Nilizijaribu siku moja tu nikazitoa, gia zinasikika kali kweli lakini ule mtetemo ukawa mara mbili na konsoli ikaanza kulia. Nailoni inachakaa mapema, sawa, lakini kuibadilisha ni mchana mmoja na hilo halinisumbui.

Kichwa cha gia ndo kitu kilichonishangaza kwa furaha. Nimeweka cha chuma cha gramu 400 na kitu, nyuzi zake M10 kwa 1.25 kama ilivyo kwenye hili gari, hakikisha zako kabla hujaagiza maana nyuzi hutofautiana gari na gari. Ule uzito unausaidia mkono mfupi kuvuka pale pagumu, gia inaenda kwa msukumo wake yenyewe, na sehemu ya ile nguvu niliyosema inapanda unairudisha hapo. Ubaya wake gari likiachwa juani kinaunguza, kwa hiyo kitambaa nakifunika juu ninapoegesha.

Wenye magari ya kuvuta kwa mbele mambo yenu ni tofauti, mengi yana nyaya mbili kutoka kwenye mkono mpaka kwenye giaboksi, na pale ncha za nyaya kuna bushi za mpira au plastiki ambazo zikilika mkono unalegea vile vile au waya unachomoka kabisa gia zinapotea. Angalieni hizo kwanza. Na mkiweka shifta fupi kwenye gari la nyaya mara nyingi itabidi mrekebishe urefu wa nyaya baada ya kufunga, la sivyo gia moja inaweza kuingia nusu, na gia iliyoingia nusu hujitoa yenyewe ukiwa barabarani.

Kwa hiyo seti naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, nusu nyingine ingekuwepo kama tufe lingekuja safi na maelekezo yangekuwa sahihi. Bushi, mipira na oili nazipa tano zote. Mwenye hela ya kitu kimoja tu anunue hivyo, aendeshe mwezi mzima, kama bado ataona mwendo wa gia ni mrefu basi hapo ndo shifta fupi ni yake. Jumapili iliyopita nilinyanyua ngozi nikamulika na tochi, mpira mdogo mkavu, hakuna oili iliyopanda, na bolti zote tatu zimekaza vile vile nilivyoziacha.