Huduma ya kuandikiwa mpango wa mbolea Maryland: nimeitumia, hivi ndo ilivyo

Wakuu, hii ni kwa mnaolima huku Maryland, Marekani, iwe vipande viwili vya mchicha na mahindi ya kuchoma au banda la kuku, na hata wale mnaopiga hesabu ya kukodi shamba mwakani. Naongelea huduma ya kuandikiwa mpango wa mbolea, yaani karatasi inayokwambia kila kipande cha shamba kiwekwe mbolea gani na kiasi gani, ile inayotolewa bure na washauri wa ugani wa Chuo Kikuu cha Maryland kupitia ofisi zao za kaunti, kwa hela ya jimbo. Nawapa nyota nne kati ya tano na ntasema ile moja imeenda wapi.

Kwanza wengi hawajui kama hii kitu ni sheria. Mtu analima, Jumamosi anauza sokoni, wiki nzima anawapelekea Watanzania na Wakenya na Wakongo wenzake mboga majumbani, hela inaingia, hajui kwamba mauzo ya shamba yakifika dola 2,500 kwa mwaka, au mifugo yako yote kwa pamoja ikifika uzito wa pauni 8,000, jimbo linakutaka uwe na mpango ulioandikwa na mtu mwenye cheti cha kazi hiyo, na uufuate. Dola 2,500 ni ndogo jamani, ukiuza mafungu ya mchicha kiangazi chote unaipita hata hujastuka.

Sheria yenyewe ni ya 1998 na ilitokana na yaliyotokea 1997, samaki walikufa kwenye mto Pocomoke na mito mingine ya upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, watu wakaogopa hata kununua samaki sokoni, kikalaumiwa kijidudu kinaitwa Pfiesteria na macho yote yakageukia samadi ya kuku. Rasi ya Delmarva, ndo hukohuko mashariki mwa ghuba, inafuga kuku zaidi ya milioni 500 kwa mwaka, sasa piga picha samadi yake inaenda wapi. Mi nimekulia Mwanza kwahiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Sisi tumeona gugumaji limefunga mwalo mpaka mtumbwi hautoki, tumeona maji ya ziwa yamegeuka kijani, na chanzo ni kilekile, rutuba iliyotakiwa ibaki shambani inaishia majini. Mwani unastawi, unakufa, unaoza, ule uozo unamaliza oksijeni na kaa na chaza na samaki wanakosa pumzi. Ghuba hii inapokea maji ya majimbo 6 pamoja na jiji la Washington, kwahiyo kila anayelima anahusika, mkubwa kwa mdogo.

Sasa huduma. Unapiga simu ofisi ya ugani ya kaunti yako, unaomba mshauri wa mpango wa mbolea, mnapangiana siku. Aliyekuja kwangu ni mama mmoja mtu mzima, huyu kwetu tungemwita bibi shamba na angestahili kabisa, maana hakuanza na karatasi, alitaka tutembee shamba kwanza. Alikuwa na bomba refu la chuma lenye mpini, limekatwa upande mmoja, unalisukuma chini inchi 8, unalizungusha kidogo unatoa, na pale kwenye uwazi wake unauona udongo wote umejipanga, ule mweusi wa juu na mfinyanzi mwekundu unaanza chini. Unatoa majani ya juu unaweka kwenye ndoo. Ndoo iwe ya plastiki, alilisisitiza sana hilo, za bati zina zinki na inaharibu kipimo. Unapita shamba kwa zigizaga unatoboa mara 15 mpaka 20, unachanganya vizuri, unajaza kimfuko kimoja. Palipokuwa na rundo la samadi unaparuka, kando ya barabara unaparuka, na kila kipande chenye historia yake kinapimwa peke yake. Mi nina kipande ambacho mwenye shamba wa zamani alimwaga samadi ya kuku miaka na miaka na kingine kilikuwa malisho tu, na majibu yake yalikuja kama mashamba ya nchi mbili tofauti.

Majibu yanasomwa kwa alama. Fosforasi ikiwa kati ya 51 na 100 inatosha, ikipita 100 imezidi, na ikifika 150 mshauri analazimika kufanya hesabu ya pili, iliyowekwa kwenye kanuni 2015, inayoangalia mteremko, udongo unavyopitisha maji, umbali wa mto na namna unavyoweka mbolea. Kile kipande changu cha samadi kilipita 150 na hesabu ikatoa hatari ya kati, maana yake fosforasi ntakayoweka isizidi ile inayoondoka na mazao. Akanieleza kwanini, na hapa ndo niliona thamani ya huyu mtu. Mahindi yanataka naitrojeni nyingi na fosforasi kidogo, samadi ya kuku inazo zote mbili karibu sawasawa, kwahiyo ukimwaga samadi mpaka naitrojeni itoshe umeshazidisha fosforasi mbali sana, mwaka hadi mwaka inajirundika, na yenyewe haikimbii haraka kama naitrojeni, inang'ang'ania udongo, mvua ikibeba udongo imeondoka nao mpaka kwenye maji.

Kwa hiyo mpango wangu kwa kile kipande uliniambia nisinunue. Ndo maana nawapa hizo nyota. Muuza mbolea hawezi kukwambia usinunue, hata awe rafiki yako. Wengi wetu huku tunabeba mifuko ya 10-10-10 (naitrojeni, fosforasi, potasiamu) kwa mazoea tu kwasababu ndo iko mlangoni pale dukani, sasa udongo ambao fosforasi imejaa hiyo 10 ya katikati ni hela unamwaga. Kipande cha malisho kilikuwa kinyume, pH 5.4, na akaniambia chokaa kwanza, mbolea baadaye, maana udongo ukiwa mchachu hivyo mmea unaipata mbolea kwa shida hata uweke ya bei gani.

Alafu akarudi mwezi wa sita mahindi yakiwa na urefu wa kama futi moja, safari hii akachukua udongo wa kina cha inchi 12, wanapima naitreti, ile naitrojeni ambayo mmea unaila moja kwa moja, wakati huohuo mahindi yanapotaka kuanza kula kwa nguvu. Ikitosha huongezi. Kwenye kipande cha samadi ilitosha, sikuweka hata punje ya urea, na mahindi yalikuwa ya kijani kibichi mpaka chini.

Kuna kitu kinawatisha watu na nataka kukinyoosha. Mshauri sio mkaguzi. Mshauri ni wa chuo, kazi yake kukuandikia na kukufundisha. Mkaguzi ni mtaalamu wa Idara ya Kilimo ya jimbo, makao yao Annapolis, na huyo ndo anakuja kuangalia kama unachofanya kinafanana na kilichoandikwa. Kwangu ameshafika. Tulikaa meza ya jikoni, akaomba mpango, majibu ya udongo, kumbukumbu za mbolea na risiti, akawa anafananisha tarehe kwa tarehe, kipande hiki uliweka nini, kiasi gani, siku gani, kwa njia gani. Tukaenda mpaka kijitoni, akavuta futi kamba, maana ukirusha mbolea kwa kutawanya unatakiwa uache futi 35 kutoka kwenye maji, ukiiweka kwa kuielekeza palepale kwenye mstari unaacha futi 10. Mstaarabu, hana papara, anauliza na kusikiliza. Aliniambia majira ya baridi wenzake wanashinda na mafaili na ripoti, ikifika machipuo hawaonekani ofisini. Nyie mnaosomesha vijana kilimo, iwe SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine kule nyumbani, au vyuo vya huku, waambieni hii kazi ipo na ni ya heshima, kuandika mipango kunataka kufaulu mtihani wa jimbo na kuendelea na mafunzo ili cheti kisife, na unazunguka mashambani unalipwa mshahara wa serikali.

Tarehe za kushika: Machi 1 unapeleka ripoti ya mwaka uliopita. Kuanzia Desemba 16 mpaka Februari inaisha hamna kumwaga samadi shambani, na hata nje ya tarehe hizo ardhi ikiwa imeganda au imejaa maji unaacha. Anayeweka mbolea kwenye ekari 10 na kuendelea anahudhuria darasa la saa 2 kila miaka 3, na kipimo cha udongo kikipita miaka 3 hakihesabiki tena.

Haya, nyota iliyopungua. Mazao yetu hayamo kwenye majedwali. Mahindi yamo, maharage ya soya yamo, spinachi na kabichi zimo, ila uliza mnavu, uliza majani ya maboga. Matembele ndo yalituweka muda mrefu, kwasababu jedwali lina viazi vitamu na viazi vitamu wanavipa naitrojeni kidogo kwa makusudi ili mmea usiende majani uende chini, na mimi nataka majani! Kwa bahati huyu mama alikuwa na subira, akauliza maswali ambayo hajawahi kuniuliza mtu huku: mchicha mnang'oa na mizizi au mnachuma? Nikamwambia ule wa mafungu tunang'oa, wa nyumbani tunachuma unachipua tena. Akaandika viwango viwili, wa kung'oa unapata naitrojeni mara moja ya kutosha, wa kuchuma inagawanywa kidogokidogo kila baada ya mchumo, na matembele tukayaweka karibu na mboga za majani sio karibu na viazi. Ni kazi nzuri sana, ila imetegemea nimempata mtu anayeuliza. Mwingine atajaza "mboga mchanganyiko" aondoke.

Lingine ni vipimo. Kila kitu ni pauni kwa ekari, sasa mwenye matuta atafanyaje. Ombeni wawabadilishie, msione aibu. Mfano, ukiambiwa pauni 60 za naitrojeni kwa ekari na tuta lako ni futi 4 kwa 50, tuta hilo linahitaji pauni 0.28 ya naitrojeni, na urea ni asilimia 46 naitrojeni kwahiyo ni pauni 0.6 ya urea, kama gramu 270 hivi. Mi nilipima mara moja kwenye mizani ya jikoni nikaweka alama kwenye kopo, basi. Na karatasi zote ni Kiingereza kile cha kiofisi, kuna wazee na akina mama wa Kikongo hapa wanalima kuliko mimi ila kurasa zile zinawakimbiza, na jimbo lingefanya jambo la maana sana kuwa na hata kurasa mbili za Kiswahili.

Na "bure" muielewe vizuri, mpango ndo bure. Chuo hakina maabara yake ya udongo, kimfuko unatuma maabara binafsi na unalipia mwenyewe, sio hela nyingi ila ipo. Ile maabara niliyotumia mwanzo silitaji jina lake, majibu yalikuja miche imeshapita umri wa kuhamishwa. Tangu hapo napima mwezi wa kumi au wa kumi na moja baada ya kuvuna, maabara hazina foleni, mshauri ana nafasi, na chokaa ikiwekwa kabla ya baridi inapata muda wa kufanya kazi. Mkisubiri mwezi wa nne mtapigwa foleni na wakulima wa mahindi wa kaunti nzima na washauri wenyewe ni wachache.

Mkipiga simu muwe na hivi mkononi: ramani ya shamba hata ya kuchora kwa kalamu, ekari za kila kipande, ulipanda nini mwaka jana na unataka kupanda nini, na kama unatumia samadi sema ya mnyama gani na inatoka wapi, nayo itapimwa. Mwenye kukodi amwombe mwenye shamba kumbukumbu za nyuma kabla hajasaini mkataba, maana shamba likishakuwa mikononi mwako mpango ni wako. Mwenye swali aulize hapa chini ntajibu nikitoka kazini, na mwenye mbegu ya mnavu ule wa majani mapana aniambie bei.