Nimekompaili x264 mwenyewe, na yule jamaa wa --disable-asm Mungu anamuona

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke. Kama video zako zinatoka vizuri na pakeji iliyokuja na Linux yako, usiguse kitu, usikompaili x264 (ile programu ya kubana video), yaani usijitie kuijenga mwenyewe kutoka sosikodi, endelea na maisha yako.

Mimi nilikuwa na sababu. Nashuti harusi na sendofu hapa Mwanza, kamera ninayotumia siku hizi inarekodi rangi kwa biti 10 badala ya 8 za kawaida, na mashine ya kueditia ina Linux ya 2016 ambayo siibadilishi kwa sababu ndo inayoelewana na kadi yangu ya kukapcha, tusibishane kwenye hilo. x264 iliyokuja nayo ni ya enzi zile ambapo biti 8 unakompaili yake na biti 10 yake, wakati hizi mpya moja inabeba zote. Nikasema si sosikodi iko wazi, bure, ipo kwenye git ya VideoLAN, wale wa VLC, naivuta usiku, asubuhi kazi inaendelea.

Kuivuta hakuna shida, ni ndogo, hata bando haiumi. Napiga ./configure, skripti inayokagua mashine kabla ya kukompaili, ikagoma pale pale, inasema imekuta nasm 2.11 na yenyewe inataka kuanzia 2.13. Nasm ni asembla, inayogeuza kodi ya asembli, lugha iliyo karibu kabisa na prosesa, kuwa kodi ya mashine. Na hiyo nasm nimetoka kuiweka kwa apt muda huo huo! Chini kuna mstari mwingine, kwamba kama kweli unataka kukompaili bila asembli basi weka --disable-asm.

Nikapeleka skrinishoti kwenye grupu moja la wataalamu, silitaji jina. Nikauliza kwa adabu zote, habari zenu wakuu, nasm ninayo mbona inaikataa? Akatokea jamaa mmoja, wale ambao hawakosi kwenye kila grupu, akanijibu "Kiingereza kinakupiga chenga? Si imekwambia yenyewe weka --disable-asm, nyie vijana mnapenda sana kutafuniwa". Na emoji za kucheka juu. Watu wakamgongea like. Haya mkuu. Nikaweka, configure ikapita, make ikapita bila hata kukohoa, nikarudi grupuni nikamwandikia asante sana kaka ubarikiwe. Nimembariki yule mtu jamani, kwa mikono yangu hii.

Sasa njoo kwenye kazi. Nikaiambia ffmpeg ya zamani, programu ya kufungua na kugeuza video, ifungue klipu imwage fremu kwa paipu, x264 mpya izipokee izibane. Feni ikaanza kulia. Nikaangalia fps, tatu. TATU. Video ya ukumbini ya masaa, fremu tatu kwa sekunde! Nikahisi labda diski, nikahisi labda joto, nikazima kila kitu mpaka brauza, bado tatu. Kulikucha, kukachwa, mama wa bi harusi anapiga, "mwanangu ile video yetu vipi, ndugu wa Bukoba wanaiulizia", namwambia mama inapikwa, anasema mbona pilau lenyewe lilishaiva likaisha.

Ndo nikapandisha terminali mpaka juu kabisa. x264 ikianza kazi inaandika mstari wa kukwambia inatumia uwezo gani wa prosesa, kwa mtu wa kawaida utaona MMX2, SSE4.2, AVX2 na ndugu zake. Kwangu imeandikwa none! Na alama ya mshangao. Hata programu yenyewe imeshangaa.

Kwa asiyejua, utamu wote wa x264 uko kwenye hiyo asembli. Kubana video ni kulinganisha vipande vya fremu hii na ile tena na tena bila kuchoka, na watu walikaa wakaandika hizo hesabu kwa mkono, prosesa moja moja, ili amri moja ya AVX2 ishughulikie pikseli nyingi kwa mpigo. Ukiizima inabaki kodi ya lugha ya C tupu, pikseli moja baada ya nyingine, ni kuhamisha lori la mchanga kwa kijiko. Na usitegemee gcc, kompaila yenyewe, ikuokoe kwa kuzipanga hizo hesabu kwa mpigo, configure ya x264 inaipa -fno-tree-vectorize, yaani inaikataza isijiongeze. Wenzao wa ffmpeg wana roho nzuri, ukikosa asembla wanakwambia peupe kwamba ukipita na --disable-x86asm utatoka na kilema. Hawa wanasema tu "kama kweli unataka". Nani kweli anataka?

Dawa ilikuwa nini? Nasm mpya basi. Unaichukua nasm.us, nayo unaikompaili, inakaa /usr/local/bin, unarudi kwenye x264 unapiga make distclean, configure tena bila ule upuuzi, unahakikisha kwenye orodha inayotoka imeandikwa asm: yes. Chai haijapoa umemaliza. Klipu ile ile, fps ishirini na kitu, biti 10, rangi ya gauni la bi harusi imetulia haina mistari ile ya kukera kwenye vivuli. Mpaka nikacheka mwenyewe chumbani.

Kwa hiyo ile hukumu ya juu naifuta. Kompailini. Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningewapa walioandika zile asembli. Hapana, nne, kwa ule mstari wao wa --disable-asm, mtu ana haraka na mteja yuko kwenye simu halafu unamwekea shimo na kibao cha karibu. Ila wao walinitajia 2.13 waziwazi, mstari wa juu yake tu, na mtaalamu wetu aliiona kwenye skrinishoti akairuka, akaenda kwenye matusi. Basi tano yao, yeye sifuri.

Juzi juzi dogo mmoja kaleta kosa lile lile grupuni, na jamaa kamjibu vile vile, neno kwa neno, mpaka emoji. Nikamfuata dogo inbox haraka haraka, mdogo wangu usimsikilize huyo, weka nasm mpya. Akanijibu, "sawa bro ila yule ni admin, wewe ni nani?"