Turbo ya kufunga kwenye Subaru yako hapa Mombasa: ipi kwanza, ipi uiache

Mwenye Subaru akianza kutafuta turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, swali la kwanza huwa inatoa farasi wangapi. Mimi nakushauri uulize inaamka saa ngapi, yaani inaanza kusukuma injini ikizunguka kwa kasi gani. Injini ya lita mbili iliyofungwa turbo kubwa hulala mpaka mzunguko upande juu kabisa, na gari la mtu anayetoka Kisauni kwenda Changamwe kila asubuhi halifiki huko. Nguvu utaitaka kwenye mlima wa Mazeras, nyuma ya malori, ukiwa gia ya tatu. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho, kwa injini za Subaru za EJ20 (lita mbili) na EJ25 (lita mbili na nusu) ambazo ndizo zimejaa mjini.

Ya kwanza ni turbo za IHI, kampuni ya Japani, za familia ya VF, zile zilizotoka kiwandani kwenye STI, yaani Subaru za toleo la kasi. Kwa mfumo mzuri hukufikisha karibu farasi 300, zinaamka mapema, na hazihitaji kukatakata gari. Nyingi utazipata mtumba, zimeshuka na injini kutoka Japani. Lakini tazama namba kabla ya kutoa pesa. VF30 ina mlango mmoja wa moshi. VF36 na VF37 zina milango miwili, na hazikai kwenye manifoldi ya kawaida, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini. Ukizinunua, chukua na manifoldi yake na bomba lake la kupandishia moshi kwenye turbo, la sivyo umenunua chuma cha kuweka dirishani. Wauzaji wengine hawalisemi hili mpaka uulize.

Turbo ya mtumba ikaguliwe mkononi, nje juani, si gizani mwa duka. Shika shafti, ule mhimili wa katikati, kwa vidole uivute na kuisukuma mbele na nyuma: hapo isicheze kabisa. Ukiitikisa juu na chini, mchezo mdogo ni wa kawaida kwa turbo ya bushi (isiyotumia gololi), kwa sababu shafti huelea juu ya oili na sasa hakuna oili. Mradi mapanga, yaani mabawa ya feni, yasiguse ukuta. Pitisha kidole kwenye ncha za mapanga. Yakiwa yamemeguka, kuna kitu kiliwahi kumezwa, na hiyo iache. Mulika tochi upande wa moto, unakopita moshi, kwenye tundu la wastigeti (mlango unaoachia moshi wa ziada): nyufa nyembamba kama unywele huwa hapo. Ukiona oili mbichi upande huo, sili zimekwisha.

Ya pili ni Mitsubishi TD05 yenye 16G (namba hiyo ni ya ukubwa wa feni yake), ikiwa mpya na halisi. Kwa kweli, kama mfuko unaruhusu ningeiweka sawa na VF, kwa sababu unajua imeanza maisha yake kwako. Nimeishusha nafasi moja kwa bei tu. 18G na 20G za familia hiyohiyo zina nguvu zaidi, ila zinachelewa zaidi, na gia ya manyuali ya kasi tano ya Subaru haipendi kubebeshwa zaidi ya farasi 300. Mwenye gia sita ya STI ana nafasi ya kupumua hapo.

Ya tatu ni Garrett za beringi za gololi. Ni kazi safi: zinaamka haraka kuliko turbo ya bushi ya ukubwa uleule. Ila bei ya moja mpya huweza kuzidi injini nzima ya mtumba, na mara nyingi huhitaji kizuizi cha oili kwenye njia yake, maana gololi hazitaki presha kubwa ya oili. Hii ni ya mtu ambaye ameshaimarisha pistoni na mfumo wa petroli.

Zile nakala zisizo na jina, zinazong'aa kama sufuria mpya, sizipi nafasi yoyote. Shafti ikikatika kwa mzunguko wa zaidi ya laki moja kwa dakika, vipande vya panga vinaweza kuingia kwenye silinda, na chuma kilichosagika huteremka kwenye oili mpaka kwenye beringi za kranki.

Sasa joto. Intakula ya Subaru, rejeta inayopoza hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini, na kwenye foleni ya daraja la Nyali hakuna upepo unaoingia kwenye boneti. Hewa inayofika kwenye silinda ni ya moto, na injini huanza kugonga, yaani petroli hulipuka ovyo ndani ya silinda. Kompyuta za magari ya Japani, hasa STI, zilipangwa kwa petroli ya huko yenye okteni (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) ya karibu 100. Super ya hapa iko chini ya hapo. Na kama gari lilityuniwa Nairobi, yaani kompyuta yake ilipangwa huko, lityuniwe upya. Kule juu hewa ni nyepesi zaidi. Huku injini inapokea hewa nzito zaidi kwa busti (presha ya turbo) ileile ya geji. Nimeona watu wakishuka Mombasa kwa likizo na kurudi na pistoni iliyovunjika pete. Kwa hiyo tenga pesa ya injekta, pampu ya petroli na tyuni kabla ya turbo yenyewe. Zisipotosha, subiri.

Siku ya kufunga, mwambie fundi aangalie bolti ya mpira wa oili unaoingia kwenye turbo. Ndani yake, kwenye magari mengi ya Subaru, kuna filta ndogo ya wavu inayoziba polepole, na ndiyo iliyoua turbo nyingi zinazosemekana zilikuwa mbovu. Badilisha gasketi na nati zote, maana chumvi ya bahari huzishika. Mwaga oili na filta yake. Kisha mimina oili safi kwenye tundu la turbo, zungusha shafti kwa mkono, na upige stata injini ikiwa haiwaki mpaka taa ya presha ya oili izime. Ndipo uwashe.