Arusha na gacaca: njia mbili za kuhukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilishtaki watu 93 tu, lakini ndio waliokuwa vigogo, akiwemo waziri mkuu Jean Kambanda. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, na kutamka kwamba hata ubakaji waweza kuwa tendo la kimbari. Kwangu, hukumu hiyo pekee yatosha kuitetea mahakama hiyo.

Gacaca, mahakama za kienyeji za Rwanda zilizofungwa 2012, zilisikiliza kesi zaidi ya milioni 1, palepale kijijini, watu wameketi majanini. Mawakili hawakuwepo, na kuna mashahidi waliotishwa. Hilo ni doa kubwa. Ila mjane aliweza kumkabili jirani yake, macho kwa macho: mlimtupa wapi mume wangu? Arusha ilikuwa mbali mno kwa swali hilo.