Methadoni au kuacha unga moja kwa moja?

Methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga (heroini), hutolewa Malindi, Kenya, katika hospitali ya serikali, tangu 2015. Mraibu huinywa kila siku mbele ya mhudumu: huanza na miligramu 10 hadi 30, kisha hupandishwa polepole, mara nyingi hadi 60–120, mpaka alosto (maumivu ya kukosa unga) itulie. Kinachowashinda wengi ni nauli ya kila siku. Akikosa siku 5 mfululizo huanzishwa upya, na akichanganya na bugizi (vidonge vya usingizi) au pombe, pumzi inaweza kukatika.

Kuacha moja kwa moja hakuna foleni. Alosto kali huisha kama wiki moja, na hapo ndipo hatari ilipo: mwili umeshapoteza uzoefu wa unga, akirudi maskani (kijiwe cha watumiaji) na kujidunga kipimo kilekile cha zamani, anaweza kufa. Kwa aliyejidunga miaka mingi, methadoni kwanza.