Tahadhari: fundi anayefunga seva za nyumbani na kubaki na funguo

Ndugu zangu, jihadharini na fundi anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp ya wakazi wa Dar es Salaam kwamba anauza na kufunga seva ndogo za kuhifadhia picha na nyaraka za familia. Alimfungia dada yangu kifaa kizima chenye diski mbili mpya, lakini ruhusa za folda alizipanga kwa namna itakayomlazimu mteja kumwita na kumlipa tena na tena.

Nilipokikagua kifaa hicho nilikuta folda zote, za picha, za hati na za mahesabu ya duka la shemeji, zimepewa ruhusa ya kusoma na kuandika kwa kila mtu, na akaunti ya mgeni isiyodai nenosiri imewashwa. Yeyote mwenye Wi-Fi ya nyumba ile, hata mpangaji wa chumba cha uani, angeweza kufungua orodha ya wadaiwa wa duka na kuifuta bila jina lake kuonekana popote. Dada alipewa akaunti ya kawaida tu. Nenosiri la msimamizi alibaki nalo fundi, na alipoombwa alijibu kwamba kila badiliko la ruhusa lina malipo yake.

Dada alipokataa kulipa, folda zote zilikataa kufunguka, na fundi akapiga simu akisema diski zimeanza kufa na kwamba kuokoa picha kutagharimu fedha nyingi. Diski zilikuwa salama kabisa. Alichofanya, akiwa kwake, ni kuliwekea kundi la watumiaji wote alama ya kutoruhusiwa kuingia, na katika vifaa vingi vya aina hii katazo lina nguvu kuliko ruhusa, kwa hiyo hata mwenye ruhusa kamili kwa jina lake hufungiwa nje iwapo kundi lake limekatazwa.

Aliweza kuingia kutoka mbali kwa sababu alifungua njia kwenye ruta, ikiwamo poti (mlango wa mtandao) namba 445 inayotumiwa na mfumo wa SMB wa kushirikiana mafaili, akidai ni ili familia ione picha ikiwa safarini. Huo ni uzembe wa hatari. Virusi vya WannaCry vilivyoenea duniani Mei 2017 vilipita katika udhaifu wa SMB, na mwaka 2022 wahalifu waliotumia programu ya Deadbolt walifunga mafaili katika vifaa vya kuhifadhia vya kampuni ya QNAP vilivyoachwa wazi kwa intaneti, wakawadai wenye vifaa bitcoin 0.03 kila mmoja.

Aliyekwisha kufungiwa kifaa na fundi huyu aanze kwa kufuta njia hizo kwenye ruta. Vifaa vingi vina kitufe kidogo nyuma ambacho kikibonyezwa kwa sekunde chache hurudisha nenosiri la msimamizi katika hali ya kiwandani bila kugusa mafaili, ila mwongozo wa mtengenezaji usomwe kwanza, maana katika baadhi ya vifaa kubonyeza zaidi ya hapo hufuta mengine. Baada ya hapo ondoa akaunti ya fundi, zima akaunti ya mgeni, kisha unda kundi la wazazi na kundi la watoto: hati ziwe za wazazi peke yao, na picha watoto wazisome bila uwezo wa kuzifuta.

Kwa anayetaka kununua, usimalize malipo kabla hujaandika mwenyewe nenosiri la msimamizi, fundi akiwa amegeuka pembeni, na kabla hujajaribu kufungua folda kwa simu isiyo na akaunti yoyote. Simu hiyo ikifungua, kazi haijakamilika.

Waliodaiwa fedha kwa mtindo huu watunze risiti na ujumbe wote wa simu. Kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na polisi watahitaji ushahidi huo.