Lamy Safari na nibu zake: ipi kwa kazi ipi

Kama unaandika kwenye kaunta buku za kawaida, chukua nibu (ncha ya chuma ya kuandikia) ya EF, ile nyembamba kuliko zote, kwanza; nyingine zitafuata. Nasema hivi kwa sababu Lamy Safari ndiyo kalamu yangu ya kila siku hapa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ninakoandika mizigo ya dagaa inayoingia na kutoka.

Ni kalamu ya wino ya Kijerumani, mwili wa plastiki ngumu. Raha yake ni kwamba nibu ya chuma unaibadilisha mwenyewe: bandika selotepu juu yake, vuta taratibu kuelekea mbele, inatoka; nyingine unaisukuma mpaka ikae. Upana umechongwa juu ya nibu: EF ndiyo nyembamba, kisha F, M na B.

Karatasi ya kaunta buku inakunywa wino. Ukiandika kwa M, mstari unatanuka, matundu ya 8 yanaziba, na 6 nayo inaanza kufanana na 8. Kwenye mali ya watu hilo si jambo dogo. Kwa EF tarakimu zinakaa wazi hata safu zikibanana. Mama mmoja aliyezoea kuniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hapo," siku hizi anapitisha kidole kwenye safu yake na kusoma mwenyewe.

EF inakwaruza kidogo, hasa ukiwa na mkono mzito wa bolpeni. Usiikandamize, uzito wa kalamu unatosha. M naipenda mno kwa barua, kwenye karatasi laini na nzito, inateleza vizuri. Nibu ya 1.1, yaani ya milimita 1.1 yenye ncha bapa, ni ya majina kwenye vyeti na kadi za harusi: mstari wa kushuka unatoka mnene, wa kulala unatoka mwembamba, mradi usiizungushe kalamu mkononi.

Ukinunua Pilot, kalamu ya Kijapani, badala yake, F inatosha, maana F ya Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya Kijerumani.

Kuhusu wino: ule wa bluu unaooshika haufai mwaloni, tone moja la maji na hesabu imepotea. Tumia usiofutika kwa maji, ila huo ukikaukia ndani unaziba njia. Kama hutaandika kwa siku kadhaa, ioshe kalamu kwa maji ya baridi mpaka yatoke safi.